Nyuzi 41.5: kazi na makala za F. T. Peirce

Katika maabara ya ubora ya kiwanda ninachofanyia kazi kuna kifaa kidogo ambacho wageni wengi hupita wasikijali. Ni kibao kilicholala juu ya miguu mifupi, chenye ukingo ulionyooka mbele, na ubavuni kina mstari unaoteremka kwa pembe ya nyuzi 41.5. Unakata ukanda wa kitambaa wenye upana wa sentimita mbili na nusu, unaulaza juu ya kibao, unauwekea rula juu yake, kisha unavisukuma vyote viwili taratibu hadi ncha ya kitambaa itokeze nje ya ukingo na kuanza kuinama kwa uzito wake yenyewe. Ncha ikigusa ule mstari, unasimama na kusoma rula. Urefu ulioning'inia ukiugawa kwa mbili unapata urefu wa kujipinda, na ukiuzidisha urefu huo kwa wenyewe mara tatu, kisha ukazidisha kwa uzito wa kitambaa kwa eneo, unapata ukakamavu wake.

Nilikifanya kipimo hiki kwa miaka sita bila kujua kwa nini ni nyuzi 41.5 na si 40 au 45. Chuoni tulipewa namba, tukaikariri, tukajibu mtihani. Lugha yetu nayo huita kipimo cha pembe kwa jina lilelile la kitu tunachofuma, nyuzi, na nadhani hiyo ilinifanya nione kama kwamba namba ile imeota yenyewe katika kitambaa. Jibu nililipata nilipoisoma hatimaye makala iliyokianzisha kipimo, iliyochapishwa mwaka 1930 katika jarida la Textile Institute la Manchester. Mwandishi wake, Frederick Thomas Peirce, alikuwa amekokotoa uhusiano kati ya urefu unaoning'inia, pembe unayoinamia na ukakamavu wa kitambaa, kwa pembe yoyote ile. Ukiweka nyuzi 41.5 katika hesabu yake, namba ya kuuzidishia urefu unaoning'inia inakuwa karibu nusu kamili. Kwa hiyo waliotengeneza kifaa waliichagua pembe hiyo ili fundi wa maabara asihitaji jedwali wala hesabu ndefu; atagawa kwa mbili na kuendelea na kazi. Sababu ni rahisi hivyo, na nilihuzunika kwamba nilihitimu bila kuambiwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitafuta makala za Peirce moja baada ya nyingine. Jina lake, niseme mapema, huandikwa kwa e kutangulia i, na wengi hulikosea, hata katika vitabu vya kiada.

Peirce alizaliwa Australia, akawa mwanafizikia, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliingia katika kituo cha utafiti wa pamba cha Uingereza kilichokuwa Didsbury, kusini mwa Manchester. Kituo hicho kilikuwa cha chama cha utafiti kilichoundwa na wenye viwanda vya pamba mwaka 1919, na kilijulikana kwa jina la Shirley Institute. Shirley hakuwa mtaalamu wala mwenye kiwanda: alikuwa binti wa William Greenwood, mbunge wa Stockport, aliyetoa fedha za kununua jengo na kuomba lipewe jina la mwanawe. Hadi leo maabara nyingi, pamoja na yetu, hukiita kile kibao cha nyuzi 41.5 kwa jina hilo la binti.

Ili kueleza kwa nini makala ya mwaka 1930 inanigusa, lazima nimlete shangazi yangu, ambaye ameuza kanga na vitenge Kariakoo tangu nikiwa mtoto. Mwaka niliopata kazi nilimpelekea doti moja ya kanga kutoka mzigo mpya. Sikuwa nimemaliza kumwamkia vizuri, alishaitoa kwenye karatasi. Alishika pindo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akasugua. Akaitupa kanga juu ya mkono wake wa kushoto na kuiacha ining'inie. Kisha akakwaruza kwa ukucha na kuangalia ule unga mweupe uliobaki kwenye ukucha.

"Hii imejaa wanga, mwanangu," alisema. "Ukiifua mara mbili inabaki chandarua."

Nilimjibu kwamba maabara imeipitisha. Akaikunja na kunirudishia, akaniuliza habari za nyumbani.

Peirce alianza makala yake pale pale aliposimama shangazi. Alieleza kwamba mtu anayepima mguso wa kitambaa kwa mkono hutumia hisia za ugumu na ulegevu, ulaini na ukavu, ukwaruzaji na utelezi, na kwamba hukumu ya mkono huo hubadilika kulingana na wakati, mahali, msimu, mtindo na mapenzi ya mtu binafsi. Hakutoka hapo akasema basi mkono ni mwongo, tuuache. Alisema kwamba vidole vinahisi vitu vya kweli vya kimaumbile, na kazi ya mwanafizikia ni kuvitenganisha vitu hivyo, kimoja kimoja, na kukipatia kila kimoja kipimo chake, huku akimwachia mnunuzi haki ya kuamua anachokipenda. Ule mkono wa kushoto wa shangazi, kanga ilipotupwa juu yake ikaning'inia, ni kipimo cha kujipinda. Tofauti ni kwamba Peirce aliweka ukingo ulionyooka mahali pa mkono.

Wanga nao unaonekana wazi katika hesabu yake. Kwa kuwa ukakamavu hufuata urefu wa kujipinda ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu, kitambaa ambacho baada ya kufuliwa urefu wake wa kujipinda umeshuka hadi nusu kimebaki na ukakamavu wa takriban moja ya nane tu, hata kama uzito wake haukupungua sana. Macho hayawezi kukisia mteremko mkali namna hiyo. Mkono unaukisia. Kosa letu maabara lilikuwa kupima kanga kabla ya kuifua na kuishia hapo, na kosa hilo halikuwa la kifaa.

Lakini sentensi ya shangazi ilikuwa na sehemu mbili, na ile ya pili, chandarua, Peirce aliijibu miaka saba baadaye. Makala yake ya mwaka 1937 kuhusu jiometri ya kitambaa ndiyo maarufu kuliko zote, na ndiyo niliyoisoma polepole kuliko zote, kwa penseli na karatasi pembeni. Alichukua ufumaji ulio rahisi kabisa, ule ambao uzi wa mshindio, unaokwenda kwa upana wa kitambaa, hupita juu ya uzi mmoja wa mtande, unaokwenda kwa urefu, na chini ya unaofuata, akauchora kana kwamba kila uzi ni waya wa mviringo unaopinda bila kukinza. Kutokana na mchoro huo alipata milinganyo saba yenye vigeu kumi na kimoja: kipenyo cha uzi, nafasi kati ya nyuzi, urefu wa uzi uliopinda ndani ya kitambaa, kimo cha mawimbi yake, pembe yake na kadhalika. Ukivijua vigeu vinne, saba vilivyobaki unavikokotoa.

Kwa mara ya kwanza mfumaji aliweza kuona kwa hesabu jambo ambalo kila fundi wa kitanda, yaani mtambo wa kufumia, alilijua kwa uzoefu, kwamba mtande na mshindio hugawana mawimbi. Ukikivuta kitambaa kwa upande wa mtande, nyuzi za mtande hunyooka na za mshindio hulazimika kujipinda zaidi, kwa sababu jumla ya vimo vya mawimbi ya pande mbili haibadiliki: ni sawa na jumla ya vipenyo vya nyuzi zenyewe. Ndiyo maana kitambaa kilichovutwa kupita kiasi wakati wa kumaliziwa hurudi na kuwa kifupi katika beseni la kwanza la maji. Mteja huita kosa hilo kuruka. Peirce angeonyesha ni kigeu kipi kilichodanganywa.

Kuhusu chandarua, nitaonyesha hesabu, kwa sababu inaeleweka na mtu yeyote anayejua kugawanya. Katika namba za uzi za Kiingereza, ambazo viwanda vyetu bado vinazitumia na mafundi huziita kaunti, Peirce alikadiria kwamba kipenyo cha uzi wa pamba kwa inchi ni moja gawanya kwa 28 mara kipeuo cha pili cha kaunti. Tuseme uzi ni kaunti 36. Kipeuo cha pili chake ni 6, mara 28 unapata 168. Yaani nyuzi 168 zikipangwa kwa kugusana zitajaza inchi moja. Sasa tuseme kitambaa kina nyuzi 60 kwa inchi, mtande na mshindio sawa. Kipimo chake cha ufunikaji kwa kila upande ni 60 gawanya kwa 6, yaani 10, wakati kikomo ni 28. Ukiziunganisha pande mbili na kuondoa pale zinapokutana, unapata kwamba nyuzi zimefunika karibu asilimia 59 ya eneo. Kinachobaki ni matundu.

Mwenye kiwanda anayetaka kubana matumizi akipunguza nyuzi hadi 48 kwa inchi, amepunguza uzi kwa moja ya tano, na ufunikaji unashuka hadi asilimia 49. Zaidi ya nusu ya kitambaa sasa ni matundu, na dukani hakuna atakayeyaona, kwa kuwa wanga umeyajaza. Kisha mama anaifua mara mbili. Shangazi hajawahi kuisikia namba 28, lakini aliweka pamoja makala mbili za Peirce katika pumzi moja, na mimi niliyekuwa na cheti nilikuwa nimetenganisha vipimo hivyo katika daftari mbili zisizosomana.

Watu wa pwani walianza zamani kuhukumu nguo kwa njia hii. Karne ya kumi na tisa, shuka za pamba zilizotoka viwanda vya Massachusetts zilifika Unguja na kwenda bara zikiitwa merikani, na jina hilo lenyewe likawa alama ya kitambaa kizito kisichodanganya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoukata ugavi, nguo za Bombay zikachukua nafasi.

Jiometri ya Peirce ilipata matumizi makubwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambapo watu wa Shirley Institute walitengeneza kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubanana sana kwa ajili ya mavazi ya marubani walioweza kuangukia bahari ya baridi. Kiliitwa Ventile. Hakikupakwa mpira wala plastiki. Kikiwa kikavu kilipitisha jasho la mvaaji. Kikilowa, pamba ilivimba, na kwa kuwa nyuzi zilikuwa zimeachiana nafasi ndogo mno, kuvimba huko kuliziba matundu yenyewe. Hapa ufunikaji si suala la kanga kuonyesha mwili bali la rubani kukaa hai majini dakika chache zaidi hadi afikiwe.

Makala ya mapema zaidi kati ya hizi ninazozipenda ni ya mwaka 1926, kuhusu nguvu ya uzi. Sisi tuna msemo kwamba kamba hukatikia pabovu, na Peirce kwa kweli aliuandikia msemo huo hesabu. Maabara hupima uzi katika vipande vifupi, tuseme nusu mita, lakini uzi wa mtande kitandani hubeba mvuto kwa urefu wa mita nyingi, na kadiri uzi ulivyo mrefu ndivyo unavyozidi kuwa na nafasi ya kubeba mahali pabovu. Alionyesha kwamba wastani wa nguvu hushuka kadiri urefu unavyoongezeka, na kwamba kiasi cha kushuka hutegemea mtawanyiko wa majibu kuzunguka wastani.

Chukua uzi ambao vipande vyake vya nusu mita hukatika kwa wastani wa gramu 300, na mtawanyiko wake, ule ambao wanatakwimu huuita mkengeuko sanifu, ni gramu 30. Kwa kanuni ya Peirce, vipande vya mita tano, yaani urefu mara kumi, vitakatika kwa wastani wa karibu gramu 254. Uzi mwingine una wastani mdogo, gramu 290, lakini umesokotwa kwa usawa na mtawanyiko wake ni gramu 15 tu. Huo kwa mita tano utabaki na karibu gramu 267. Katika karatasi ya majibu ya maabara uzi wa kwanza ndio bora. Kitandani wa pili ndio usiokatika. Nimeshuhudia msimamizi wa ufumaji, mtu mzima aliyefanya kazi hiyo tangu enzi za viwanda vya umma, akikataa uzi uliofaulu majaribio na kuchagua uliofaulu kwa shida, na vijana wa maabara wakamwona mkaidi. Hakuwa mkaidi. Ni vizuri kukumbuka pia kwamba makala hii ilitangulia kwa miaka kumi na mitatu kazi ya Msweden Weibull ya mwaka 1939, ambayo wahandisi wa vyuma na kauri ndiyo wanayoitaja siku zote wanapozungumzia kiungo dhaifu.

Nisingependa kuiacha kazi aliyoifanya na mwenzake Lord na kuichapisha mwaka 1939, juu ya wembamba na ukomavu wa nyuzinyuzi za pamba, kwa kuwa inafika moja kwa moja hadi mashamba yetu. Nyuzinyuzi za pamba huwekwa kwenye mmumunyo wa kostiki soda wa asilimia 18 na kutazamwa kwa hadubini. Zile zilizokomaa huvimba na kuwa kama fimbo, tundu la katikati likitoweka. Zile zilizokufa kabla ya kukomaa hubaki kama utepe uliojikunja, ukuta wake mwembamba mno. Unahesabu fimbo, unahesabu tepe, na tofauti ya asilimia zao inakupa kiwango cha ukomavu. Mara ya kwanza nilipoziona tepe zile chini ya hadubini nilielewa vile vidoa vyeupe vinavyotokea kwenye kanga nyeusi au ya bluu iliyoiva: ni vinundu vya nyuzinyuzi zilizokufa, ambazo hazina ukuta wa kushika rangi ya kutosha. Mkulima wa Shinyanga au Mwanza hutenganisha pamba safi na fifi kwa macho na mikono yake, na ni haki alipwe kwa kazi hiyo. Lakini ukomavu mara nyingi hujificha ndani ya pamba inayoonekana safi, hasa msimu ambao mvua imekatika mapema au wadudu wameshambulia kabla tumba halijajaa. Kidoa tunachomlaumia mtia rangi kiwandani kilianzia kwenye tumba.

Mwaka 1944 Peirce aliondoka Manchester na kwenda Raleigh, North Carolina, kuongoza utafiti katika shule ya nguo ya chuo cha jimbo hilo, ambacho sasa ni chuo kikuu. Huko ndiko alikokuwa mwalimu kwa maana kamili, mwenye wanafunzi mbele yake, katika jimbo lililojaa viwanda vya pamba. Hakuwa na muda mrefu. Mwaka 1947 alitoa makala nyingine ya jiometri, safari hii ikiwa na shabaha ya kubuni vitambaa vyenye kazi maalumu, na mwaka 1949 alifariki. Waliomfuata waliyarekebisha mawazo yake pale yalipopungukiwa: uzi halisi hauwi mviringo ndani ya kitambaa bali hubanwa na kuwa bapa, na mwaka 1958 Kemp aliuchora kwa umbo la uwanja wa mbio, lenye pande mbili zilizonyooka na ncha za nusu duara, huku akiitunza milinganyo ya Peirce. Huko Japani, Kawabata wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza mwaka 1972 kuwakusanya mafundi waliozoea kupima nguo kwa mikono, akawauliza majina wanayoyatumia, na kuyatengenezea mashine. Naiona kazi hiyo kuwa ndiyo mwendelezo wa kweli wa makala ya 1930, kwa sababu ilianza kwa kusikiliza maneno ya watu wenye ujuzi.

Anayesomea uhandisi wa nguo leo Dar es Salaam, Eldoret au Busitema atakutana na Peirce ndani ya mihadhara, mara nyingi akiwa amebaki kuwa milinganyo tu. Ombi langu kwa walimu ni kwamba wawape wanafunzi makala zenyewe, hata kurasa chache za mwanzo, ili waone swali kabla ya jibu. Makala ya 1930 haina hesabu ngumu katika kurasa zake za kwanza. Ina mtu anayefikiria vidole.

Mimi mwenyewe nimebadilisha namna ninavyowapokea vijana wanaokuja kwetu mafunzoni. Siku ya kwanza hawakigusi kifaa chochote. Nawapa vipande vinane vya vitambaa, vyote vimefuliwa, nawaomba wafumbe macho na kuvipanga kwa mikono kutoka kigumu hadi laini, na waseme kwa Kiswahili chao wenyewe kwa nini. Kesho yake wanavipima juu ya kile kibao na kuziweka orodha mbili pamoja. Vipande vingi hukubaliana. Kinachowagawa kila mara ni kitenge kilichong'arishwa: vidole vinakiita laini kwa kuwa kinateleza, na ncha yake inatoka mbali kabisa nje ya ukingo, imenyooka, kabla haijaugusa mstari.